Mfalme Hajambo?

Kwenye familia ya Mzee Koki, mtu akichelewa kurudi nyumbani haulizwi alikuwa wapi. Anaulizwa, "Mfalme hajambo?" Basi. Hata wajukuu wa juzi juzi, waliozaliwa mfalme mwenyewe keshakufa na jumba lake limegeuzwa la watalii, neno hilo wanalijua. Mtoto akitumwa chumvi dukani akakaa nusu saa, akirudi anamkuta bibi yake mlangoni, mikono kiunoni. "Ehe, mfalme hajambo?" Mtoto anacheka, anajua ameshikwa.

Mzee Koki hacheki. Miaka arobaini na moja hajacheka.

Maana neno lenyewe lilianzia kwake. Enzi hizo alikuwa kijana, fundi bomba mwenye mikono miepesi, na fundi mkuu wake akapata kazi ya kuweka mabomba kwenye bafu jipya la mfalme. Akamuaga mkewe Jumatatu asubuhi, mkewe tumbo limefika hapa, anahesabu siku. "Naenda siku mbili tatu tu, narudi." Akarudi Jumanne ya wiki iliyofuata. Akakuta watoto wawili kitandani, pacha, wa kike wote, wana siku nne duniani, na mama yao hataki hata kumwangalia usoni.

Akaeleza. Jumbani kuna sheria, fundi akishaingia vyumba vya ndani hatoki mpaka kazi iishe, asije akaenda kusimulia huko nje mfalme analalia nini na anaogea nini. Kazi ilikuwa kubwa, mabomba mengi. Ujumbe alimpa mpishi wa jumbani aulete, mpishi hakuuleta. Mkewe akamsikiliza mpaka mwisho, mtoto mmoja huku, mmoja huku. Halafu akamuuliza taratibu kabisa, "Na mfalme hajambo?"

Hapo ndipo neno lilipozaliwa. Neno na pacha ni rika moja.

Ingeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini jirani mmoja, Mungu amsamehe maana keshatangulia, akaja kumpa mzazi pole na akasema siku ya Jumamosi amemwona mtu wa kimo kile kile cha baba pacha, na kofia kama yake, mtaa wa pili, ananunua mkate. Na mikate yenyewe alinunua miwili. Mtu aliye peke yake ananunua mikate miwili ya nini? Sasa hebu niambie, mwanaume utajibu nini mbele ya mikate miwili?

Basi wakaishi. Wakazaa wengine, wakajenga, wakaozesha. Mama Pacha, ndivyo mtaa mzima unavyomwita, ni mwanamke mwema, hakumnyima mumewe chai hata siku moja. Ila lile jambo hakulisamehe wala hakulisahau, alilikunja vizuri akaliweka, na kila baada ya muda analitoa kulianika lisije likaoza.

Mwaka huu pacha wakachoka. Wakawanunulia wazazi wao tiketi za kwenda kutembea jumbani, siku nzima, kama watalii. "Nendeni mkaone, mrudi na jibu moja," akasema yule pacha mkubwa. Mama Pacha akakataa wiki mbili. Wiki ya tatu akakubali, kwa masharti.

"Sikiliza, mzee. Ukinionyesha kitu kwenye hilo bafu, kitu cha kunionyesha kweli ulikuwa humo, mimi nafunga mdomo. Neno la mfalme halitasikika tena nyumba hii. Usiponionyesha, ukirudi hapa utaniambia mikate miwili ilikuwa ya nani."

"Nimekubali," akasema Mzee Koki. Na alikuwa na sababu ya kukubali. Chini ya beseni la kunawia la mfalme, saruji ikiwa bado mbichi, alichora koki ndogo kwa msumari. Ndiyo alama yake. Kila nyumba aliyofanya kazi amechora, na ndiko lilikotoka jina lake.

Siku ya safari Mama Pacha aliamka mapema akaoga maji ya moto. Alifungua bomba la alama ya bluu, kwa sababu bafu la kwao lina walakini. Nyekundu inatoa baridi, bluu inatoa moto. Tangu pacha wawanunulie mtambo wa kuchemshia maji, miaka kumi na miwili sasa, na Mzee Koki akaufunga mwenyewe kwa mikono yake, ndivyo ulivyo. Kosa la kiwandani. Mzee Koki alimwambia hivyo siku ile ile mama wa watu alipoungua bega, na Mama Pacha akakilaani kiwanda mpaka leo.

Wakapanda basi, wakashuka, wakatembea, wakafika. Foleni imezunguka ukuta kama mkanda. Watu kofia, watu miwani, watu vijiti vya kujipigia picha. Wakasimama. Jua likapanda. Magoti ya Mzee Koki yakaanza kusema. Walipofika dirishani kijana wa tiketi akanyoosha mkono.

"Tiketi, mzee wangu."

"Tumeshalipiwa na watoto."

"Najua, mzee. Tiketi iko ndani ya simu."

"Imeingiaje?"

Ikatafutwa. Simu ya Mama Pacha ikawekwa miwani, ikaondolewa miwani, ikageuzwa juu chini. Ikatokea picha ya mjukuu anakula sabuni. Ikatokea tena. Watu wa nyuma wakaanza kuhema kwa sauti. Mwishowe mama mmoja mtalii akaichukua, akabonyeza mara mbili tu, tiketi hii hapa. Mzee Koki akaona aibu, akajifanya anaangalia paa.

Mlangoni kuna mashine inayolia mtu akipita na chuma. Mzee Koki akapita, ikalia. Mlinzi akamtoa mfukoni spana ndogo.

"Hii ya nini, mzee?"

"Spana."

"Naona ni spana. Unaingia nayo kwa mfalme kufanya nini?"

"Mwanangu, mimi ningekuuliza wewe unatembeaje bila spana."

"Utaichukua ukitoka," mlinzi akasema, akaitupa kwenye sanduku lenye visu na mikasi. "Pita kulia, uvae soksi za plastiki."

Mzee Koki akapita kushoto, akaingia stoo ya mafagio.

Sasa hapa inabidi niseme. Mzee Koki, na ufundi wake wote, kulia na kushoto hakuvijua tangu utotoni. Siyo ujinga. Kuna watu hawajui kupiga mbinja, yeye hajui kulia. Mwalimu alimpiga, haikuingia. Baadaye kazini spana ilimteleza ikamchana kidole gumba cha mkono wa kulia, likabaki kovu kubwa jeupe, na tangu hapo akawa ameokoka. Akiambiwa kulia, anatazama kwanza kovu liko mkono gani. Asipopata nafasi ya kutazama, basi hapo ni bahati na sibu. Mlango wa jikoni kwao umefungwa bawaba upande siyo, ukiufungua wote kabati halifunguki, na Mama Pacha kwa miaka yote anasema seremala yule alikuwa mlevi. Seremala alikuwa mzima kabisa. Alifanya alivyoelekezwa na mwenye nyumba.

Wakavaa soksi za plastiki juu ya viatu. Sakafu ya marumaru, soksi za plastiki, magoti ya miaka sitini na nane. Alitembea kama bata kwenye matope. Mbele yao binti mtembeza wageni, kibendera mkononi, kipaza sauti kimebandikwa shavuni, anamwaga maneno bila kupumua. Hiki ni chumba cha kulia, vijiko ni mia tatu na sitini. Hiki ni chumba cha kusubiria. Hiki ni chumba cha kusubiria wale wanaosubiri kuingia chumba cha kusubiria. Kila chumba kamba nene nyekundu, usiguse, usiegemee, usikae. Na kila chumba mtu wa kofia kubwa anasimama mbele ya Mzee Koki kujipiga picha na kiti.

Wakatazama vijiko vyote mia tatu na sitini. Mzee wa watu amekuja kuona bomba, anaonyeshwa vijiko.

"Binti," akamwita yule mtembeza wageni, "bafu la mfalme tunafika saa ngapi?"

"Vyoo vya wageni viko nje, mzee wangu, nyuma ya duka."

"Sijauliza choo cha wageni. Nauliza bafu la mfalme."

"Lile haliruhusiwi kutumika, mzee."

"Sitaki kulitumia! Nataka kuliona!"

"Tutalifikia mwishoni, mzee. Utaweza kuvumilia?"

Yule wa kofia kubwa akageuka kwa huruma. "Jamani, mpisheni mzee apite, amebanwa." Watu wakapisha. Mama Pacha akavuta kitambaa chake usoni, akasema chini chini, "Mungu wangu, nimeolewa na nani."

"Nitakuonyesha leo," Mzee Koki akamnong'oneza.

"Njia ya mwongo fupi."

"Yangu ina miaka arobaini na moja. Ingekuwa fupi si ingekuwa imeshaisha?"

Mama Pacha akampa mkoba ambebee. Mkoba wenyewe mzito, ndani kuna chupa ya chai, mkate, mayai ya kuchemsha, koti la mvua na dawa za magoti. Mzee Koki akauzungusha mkanda wake kwenye mkono, mara mbili, usimponyoke. Kovu likafunikwa humo humo.

Mbele wakafika kwenye njia panda ya ukumbi. "Tafadhali tusikilizane!" binti akapaza sauti. "Mkono wa kulia ni vyumba vya faragha vya mfalme. Chumba cha kulala, chumba cha kuvalia, na bafu maarufu. Mkono wa kushoto ni kutokea. Ukishatoka hurudi. Tufuatane!"

Mzee Koki akanyoosha shingo. Alikuwa nyuma kwa ajili ya soksi zile, watu wamemziba, kibendera hakioni. Akamshika mkewe mkono. "Twende, ni huku!" Akasukuma chuma kinachozunguka, kikawazungusha wote wawili, kikasema klak, wakajikuta kwenye jua.

Bustani. Nyasi, maua, bwawa, na bata sita.

Mama Pacha akaangalia bata. Akaangalia mumewe. Akaenda kwenye benchi, akakaa, akachukua mkoba wake, akatoa yai akaanza kulimenya. Hakuwa na haraka hata kidogo.

"Kumbe ndilo bafu lenyewe," akasema. "Pana. Mfalme alikuwa anaoga na bata?"

"Mama Pacha, nimekosea njia."

"Naona. Umekosea njia mlangoni kabisa mwa ushahidi. Chumvi ipo kwenye karatasi hiyo, nipe."

Mzee Koki akaurudia ule mlango. Chuma hakirudi nyuma. Akasukuma, akavuta, akajaribu kupita chini yake, magoti yakakataa. Pembeni kuna mlinzi amekaa kwenye kiti cha plastiki, mtu mnene mpole, anapepea kijitabu cha wageni usoni.

"Mzee, huko ni kutokea."

"Nimetoka kwa bahati mbaya. Nirudishe."

"Ukishatoka umetoka."

"Sijamaliza kuona."

"Inabidi ukate tiketi nyingine, upange foleni upya."

Mzee Koki akatazama mbinguni. Jumba gani hili! Alipokuwa kijana anataka kutoka, wakamkatalia kutoka. Leo ni mzee anataka kuingia, wanamkatalia kuingia. Kwani hawa watu wana nini na yeye? Akaeleza. Akaeleza mabomba, sheria, mpishi, akaingiza mpaka ile mikate miwili ambayo hakuitia mdomoni, sauti ikapanda, bata wakasogea. Mlinzi akamsikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. "Pole sana, mzee," akasema. "Lakini ukishatoka umetoka."

Hapo Mama Pacha akainuka. Akajikung'uta maganda ya yai, akaja akasimama mbele ya mlinzi.

"Mwanangu, una mama?"

"Ninaye, mama yangu."

"Mzima?"

"Mzima."

"Basi nisikilize kama ungemsikiliza yeye. Huyu mzee ananidanganya tangu wewe hujazaliwa. Leo nimemfikisha mpaka kwenye mlango wa uongo wake. Miaka arobaini na moja, mwanangu. Nimebakiza hatua kumi nimuumbue. Na wewe ndiye wa kumwokoa?"

Mlinzi akatazama kulia na kushoto. Kicheko kikamtikisa tumbo kabla hakijafika mdomoni.

"Mama, nikifukuzwa kazi?"

"Utakuja kukaa kwangu. Huyu akitoka, kitanda kitakuwa na nafasi."

Akawafungulia mlango mdogo wa wafanyakazi. "Fuateni uchochoro huu moja kwa moja. Msikunje popote," akasema. Moja kwa moja Mzee Koki anaijua vizuri tu.

Uchochoro mwembamba, giza giza, ukutani mabomba yamepita kama mishipa. Mzee Koki alipovuta hewa yake, harufu ya saruji ya zamani na kutu, miguu ikasimama yenyewe.

"Ni hapa," akasema. "Mama Pacha, ni hapa hapa. Hapa ilikuwa ndoo yangu. Pale taa ya mafuta. Nyuma ya ukuta huu ndiko bafu lilipo."

"Kuta za nyuma zote zinafanana. Tembea."

Akatembea, lakini alikuwa amepungukiwa na ile furaha. Maana uchochoro ule ulimkumbusha jambo ambalo hakumwambia mkewe. Hakumwambia mtu yeyote. Kazi haikuwa kubwa. Mabomba hayakuwa mengi. Kazi iliisha Jumatano.

Wakatokea mlango wa pembeni, bafuni, na kundi lao ndiyo linaingia na kibendera chake. Bafu lenyewe kama ukumbi wa harusi. Hodhi la kuogea linalotosha ng'ombe, vigae vya maua, mabomba mawili ya rangi ya dhahabu yenye shingo kama za bata bukini, moja limepinda huku na jingine kule, moja kidoti chekundu, moja kidoti cha bluu. Na beseni la kunawia lile pale, ng'ambo ya kamba. Mzee Koki akajikunja, goti likapiga kelele, akachungulia chini yake.

Peupe. Wamepiga plasta, wamepaka rangi. Laini kama shavu la mtoto.

"Haya," akasema Mama Pacha juu ya kichwa chake. "Koki iko wapi?"

"Wamepaka rangi."

"Eeh. Wamepaka rangi." Alilisema kama hakimu anayefunga jalada.

Mzee Koki hakuinuka. Akabaki kule chini, mkono kwenye goti, anasikia binti anamwaga maneno yake.

"Na sasa tuje kwenye siri maarufu ya jumba hili! Ukitazama mabomba haya utaona jambo la ajabu. Bomba lenye alama nyekundu lilikuwa linatoa maji baridi, na lenye bluu linatoa maji ya moto! Wataalamu wametafiti sana. Inasemekana mfalme wetu, kwa hekima yake, aliagiza yafungwe hivyo makusudi, ili kila asubuhi ajikumbushe kwamba mambo ya dunia sivyo yanavyoonekana."

Watu wakasema aaah. Simu zikainuliwa. Yule wa kofia kubwa akaandika kwenye kidaftari.

Na Mzee Koki pale chini, masikio yanawaka moto. Hekima! Wataalamu! Angeweza kunyamaza. Angenyamaza, angerudi nyumbani mwongo kama alivyokuja, ila fundi safi asiye na doa. Mtu na kazi yake bwana, sio kitu kidogo. Miaka yote mkewe amemwita mwongo, lakini fundi mbovu hajamwita hata siku moja.

Akajishika kwenye kamba, akainuka.

"Binti, hakuna hekima yoyote hapo. Ni mimi nilikosea."

Binti akatabasamu lile tabasamu la kuwatabasamia wazee. "Mzee wangu, kijitabu kinasema—"

"Kijitabu kilikuwa wapi mimi nilipokuwa nyuma ya ukuta huu na taa ya mafuta? Fundi mkuu alisimama humu ndani akapiga kelele, moto kushoto, baridi kulia. Mimi niko kule, uso kwa uso na yeye. Nikaweka. Vigae vikabandikwa, kazi ikaisha Jumatano. Maji yakafunguliwa, msimamizi wa jumba akashika nyekundu apate moto, akapata barafu. Kubadilisha mabomba haiwezekani, kila shingo imepinda upande wake na kidoti kimechomelewa humo humo. Kuvunja ukuta haiwezekani, vigae vilitoka mbali, mwenye kuruhusu ni mfalme peke yake, na mfalme amesafiri. Hakuna mwenye ubavu wa kuamua. Na kazi haijaisha, kwa hiyo hatutoki. Tumekaa hapo siku sita tunakodoleana macho, tunakula mikate ya jumbani! Jumanne mfalme akaja. Akafungua nyekundu, akafungua bluu, akaangalia mkono wake. Akasema maneno mawili. 'Acheni. Nitazoea.' Ndiyo hekima yenyewe hiyo."

Binti anatafuta neno kwenye kijitabu. Mama Pacha amesimama, mkono umeganda juu ya mkoba.

"Baba Pacha," akasema. Hajamwita hivyo siku nyingi. "Ulisema ulisimama wapi?"

"Nyuma ya ukuta."

"Ukaambiwa moto uwe wapi?"

"Kushoto."

"Ukauweka wapi?"

"Kushoto." Akatazama kidole chake gumba, kovu hili hapa. "Kushoto kwangu. Nadhani. Nilijua kushoto kwake ni kulia kwangu, lakini mikono ilikuwa na saruji, kovu sikuliona."

Mama Pacha akatazama nyekundu. Akatazama bluu. Akajishika bega, lile bega lililoungua miaka kumi na miwili iliyopita.

"Bafu la nyumbani!" akasema. "Bafu langu la nyumbani! Na mlango wa jikoni! Miaka kumi na miwili nakilaani kiwanda cha watu, kumbe kiwanda ni wewe!"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea kamba isiyoegemewa, kengele ikalia, mlinzi wa ndani akaja mbio, akamkuta bibi kizee anafuta machozi na mzee amesimama kama mtoto aliyevunja sufuria. Koki ya msumari ingekuwepo, angesema yeyote anaweza kuchora koki. Lakini kosa lile alilijua. Ameishi nalo nyumba moja, ameoga nalo. Hakuna mwanaume mwingine duniani mwenye kosa lile.

"Sasa mimi kesho niwaambie nini wageni?" binti akauliza, karibu alie.

"Waambie vile vile, mwanangu," Mama Pacha akamwambia. "Mfalme alikuwa na hekima. Kusema nitazoea sio mchezo. Mimi mwenyewe bado najaribu."

Basi wakatoka. Mama Pacha akatimiza ahadi yake, akafunga mdomo. Wakapita bustanini, mlinzi mnene akauliza, "Vipi mama, umemuumbua?" akaitikia kwa kichwa tu. Wakachukua spana, kimya. Mzee Koki akajiona mwepesi, anataka kupiga mbinja. Ila ule ukimya ukaanza kumuuma kama kiatu kipya. Akamtazama mkewe kwa pembeni. Midomo yake inacheza. Anahesabu.

Getini akasimama.

"Jumatatu uliondoka."

"Ndiyo."

"Jumanne. Jumatano kazi ikaisha."

"Ndiyo."

"Mimi uchungu ulinishika Alhamisi jioni, wakazaliwa Ijumaa." Akageuka mzima mzima. "Yaani wewe mwanaume! Ungejua kulia kwako ni wapi, Jumatano ungelala nyumbani! Ungewapokea wanao! Mimi nalia na mkunga peke yetu, mtu mzima uko kwa mfalme unakula mikate kwa sababu hujui mkono unaolia nao chakula! Na miaka yote hii unasema mabomba yalikuwa mengi! Mabomba mengi gani? Mawili! Nimeyaona, mawili!"

Akaendelea. Watu wa foleni wakageuka, vijiti vya picha vikateremka. Mzee Koki alisimama katikati ya maneno yale, spana mkononi, ameinamisha kichwa. Na nawaambia ukweli, miaka arobaini na moja aligombezwa kwa jambo ambalo hakulifanya. Hii ndiyo mara ya kwanza anagombezwa kwa kosa lake mwenyewe, na akaona kumbe hata kugombezwa kuna raha yake. Alitamani asimalize upesi.

Simu ikalia. Pacha mkubwa.

"Haloo, mama? Mbona mmekawia hivyo, mlikuwa wapi?"

"Kwa mfalme," akasema Mama Pacha. "Baba yako alikuwa kwa mfalme. Ndiyo, kweli kweli. Hapana, silii. Ngoja kwanza, mwanangu, nitakupigia, bado sijamaliza na baba yako." Akakata. Mzee Koki alikuwa ameshaanza kuvuka kwenda kusubiri basi upande siyo. Akamshika mkono wa shati, akamvuta.

"Huku!"